Ripoti za matukio ya zimamoto: jinsi ya kuachana na fomu za kukisia na kupata data ya kweli

Kuna ripoti moja niliwahi kuishika, ya moto wa jikoni, mpaka leo naikumbuka. Simu imeingia 20:00, gari limetoka 20:05, limefika 20:15, moto umezimwa 20:45. Chanzo cha moto: mengineyo. Maelezo: "tulifika eneo la tukio tukazima moto". Ukiipitia haraka unaona iko vizuri tu, visanduku vyote vimejazwa na sahihi ipo, ila hebu ziangalie hizo dakika, zote zinaishia na sifuri au tano, na moto hauendi kwa mtindo huo, yaani aliyejaza alikaa mezani masaa kadhaa baada ya kurudi akaanza kukisia. Na chumba cha simu walikuwa na rekodi yao ya redio ya usiku uleule, inaonyesha gari limetoka 20:02 na limefika 20:09. Kikosi kilikimbia kweli, dakika sita za kazi yao nzuri zikapotelea kwenye karatasi, na kwenye takwimu za mwaka wakaonekana wazembe. Iliniuma sana ile.

Watu wengi wakisikia kuboresha ripoti za matukio wanawaza tableti na programu mpya. Vifaa vinakuja baadae kabisa. Tatizo lenyewe ni kwamba tunamtaka mtu aliyetoka kwenye moshi saa tisa usiku akumbuke vitu ambavyo mashine ilishavijua, alafu hatumuulizi vizuri vile ambavyo ameviona yeye peke yake. Ukiligeuza hilo, mengine yanafata. Kwa hiyo hapa chini naandika jinsi ya kuligeuza, kwa kituo kimoja au kikosi kizima, kiwe na hela nyingi au kidogo.

Anza kwa kulifuata tukio moja

Chukua tukio lolote la wiki iliyopita, lifuate kuanzia simu ilipoita mpaka lilipoingia kwenye ripoti ya mwezi, na kila mahali linapoandikwa weka alama. Mimi nilipofanya hivi mara ya kwanza nilikuta anuani ileile imeandikwa kwa mkono mara nne: daftari la simu, karatasi aliyopewa dereva, fomu ya tukio, na faili la Excel makao makuu, na kwenye hizo nne, mbili hazifanani. Kila mahali kitu kinaponakiliwa ndo mahali kinapoharibika, na hapo ndo pa kuanzia kazi, sio dukani.

Alafu kaa zamu moja nzima na vijana, ya usiku ikiwezekana. Uone wanajaza fomu saa ngapi, kompyuta ziko ngapi na nani anajua nywila, wakiitwa tena katikati ya kujaza ile fomu inabaki wapi. Hutayajua haya kwenye kikao. Kuna kituo kompyuta ya ripoti ilikuwa ofisini kwa mkuu, ofisi inafungwa jioni, kwa hiyo matukio yote ya usiku yalikuwa yanajazwa asubuhi na zamu inayoingia, watu ambao hata hawakuwepo kwenye moto. Ungewanunulia programu nzuri kuliko zote bado data ingekuwa ya kusimuliwa.

Punguza maswali

Chukua fomu ya sasa, kila swali uliza: mwaka huu nani amelitumia hili jibu, kwa uamuzi gani? Kama hakuna anayejua, liondoe au lifanye la hiari. Utapata upinzani hapa, kuna mtu atasema "labda siku moja litahitajika", ila swali moja la labda linamchosha mtu kwenye kila tukio, na akichoka anaanza kuharibu hata yale ya maana. Fomu ndefu haileti data nyingi, inaleta "mengineyo" nyingi.

Vya kubaki ni vichache: namba ya tukio, mahali, muda wa kila hatua, aina ya tukio, magari na watu waliokwenda, mlichokikuta mlipofika, mlichofanya, majeruhi na vifo vya raia na vya askari, na kama ni moto basi ulianzia wapi, umewaka kwa nini, umefika mpaka wapi, na kama kulikuwa na kitambua moshi na kililia. Hicho cha mwisho usikiache kamwe. Kujua kwamba watu waliamshwa na king'ora au hawakuamshwa ndo kunakowapa watu wa elimu ya kinga kitu cha kusimamia.

Na maswali yatokee kulingana na tukio. Paka kakwama kwenye paa, kwa nini nijibu maswali ya kuta na dari? Mtu akichagua moto wa jengo ndo yafunguke ya jengo, akichagua ajali ya gari yafunguke ya ajali. Hata kwenye karatasi inawezekana, ukurasa wa kwanza wa wote, kurasa za pili tofauti tofauti.

Muda, hapa nenda taratibu

Muda ndo roho ya hii data na ndo unaoharibika kuliko chochote. Kwanza kubalianeni neno kwa neno kila hatua maana yake nini. "Tumefika" ni gari limeingia barabara ya tukio au magurudumu yamesimama? "Umezimwa" ni moto hausambai tena au hakuna hata cheche? Mkuu mmoja anasema hivi mwingine vile, alafu mnalinganisha vituo viwili kumbe mnalinganisha lugha mbili. Hatua ninazozipendekeza: simu imepokelewa, kituo kimeitwa, gari limetoka, gari limesimama eneo la tukio, maji ya kwanza yamefika kwenye moto, moto umedhibitiwa, gari liko huru kwa kazi nyingine. Kila gari na muda wake, usiweke muda mmoja kwa tukio zima.

Pili, huo muda usiandikwe na mtu kama kuna njia nyingine. Kama chumba cha simu kina kompyuta, ule muda uingie wenyewe kwenye ripoti. Kama ni redio tu, basi anayepokea redio aandike palepale anaposikia "tumetoka", kwa saa moja inayoaminika ya ukutani ambayo inarekebishwa kila asubuhi, na askari akija kujaza ripoti akute muda umeshawekwa, yeye anathibitisha tu. Na saa zote zilinganishwe, ya chumba cha simu, ya kompyuta ya kituo, ya tableti kwenye gari, maana zikipishana dakika mbili utapata magari yaliyofika kabla hayajatoka.

Tatu, sisi tunaosema Kiswahili tuna mtego wetu wa ziada. Mpiga simu anasema moto umeanza saa mbili usiku, mwandishi kachoka anaandika 02:00 badala ya 20:00, tofauti ya masaa 18 hapo hapo. Kwenye ripoti iwe ni mfumo wa masaa 24 tu, na tarehe iandikwe mwaka, mwezi, siku, hivi 2025-03-04, maana 04/03 mmoja anaisoma machi mwingine aprili. Huo mpangilio ndo wa ISO 8601 na programu karibu zote zinauelewa. Na tarehe iandamane na kila muda, kwa sababu moto ulioanza 23:56 na gari likafika 00:04 ukihifadhi saa peke yake hesabu itakuja hasi.

Kwa nini nang'ang'ania sekunde? Kiwango cha NFPA 1710 cha Marekani (NFPA ni chama chao cha kinga dhidi ya moto), cha vikosi vya walioajiriwa, kinataka kwa wito wa moto askari wavae na watoke ndani ya sekunde 80 na gari la kwanza lifike ndani ya sekunde 240 za safari, na kinapima kwa asilimia 90 ya matukio. Huwezi kupima sekunde 80 kwa fomu inayoruka dakika tano tano. Na hiyo asilimia 90 ina maana kubwa kuliko inavyoonekana. Tuseme una matukio kumi, dakika za kufika ni 3, 3, 4, 4, 4, 5, 5, 6, 13, 14. Wastani ni dakika 6.1, unaripoti juu "tunafika ndani ya dakika sita" na kila mtu anafurahi, ila watu wawili kati ya kumi walisubiri dakika 13 na 14, na hao ndo nyumba zao zimeisha. Ukizipanga kutoka ndogo kwenda kubwa ukachukua ya tisa unapata 13, hiyo namba ndo inakuambia upande gani kituo kiko mbali. Wastani achana nao kwenye muda wa kufika, nasema kabisa.

Aina ya tukio na chanzo

Kwenye hili Marekani wanatupa somo zuri kwa sababu wamelipitia kwa miaka mingi. Mwaka 1973 ilitoka ripoti ya tume yao kuhusu vifo vya moto, mwaka 1974 ikapitishwa sheria, na kutokana nayo ukazaliwa mfumo wa taifa wa kukusanya ripoti za zimamoto unaoitwa NFIRS, toleo lake la 5.0 likaanza 1999. Mfumo ulifanya kazi kubwa, sitaki kuubeza, lakini ulijengwa kwa ajili ya zama za fomu. Tukio lilikuwa linapewa namba ya tarakimu tatu, 111 moto wa jengo, 611 tumeitwa tukarudishwa njiani, 700 na kitu ving'ora vya bure, yaani kimelia na hakuna hatari, na tukio moja lilibeba namba moja tu. Sasa gesi imevuja, ikawaka, mtu kaungua, hilo ungeliweka wapi? Ulichagua moja, hayo mengine mawili yakazama. Mfumo mpya uliochukua nafasi yake, NERIS, unaruhusu mpaka aina tatu kwenye tukio moja, unapokea data moja kwa moja kutoka kwenye mifumo ya vikosi, na kuanzia Januari 2026 matukio mapya yanaripotiwa huko. Uingereza nao waliacha fomu za karatasi wakahamia mfumo wa kielektroniki mwaka 2009. Kwa hiyo kama kikosi chako ndo kinaanza leo una bahati, huna haja ya kupita njia yote waliyopita wenzio, ruhusu aina zaidi ya moja tangu siku ya kwanza, na moja iwekewe alama kuwa ndo kuu.

Orodha ya kuchagua iwe fupi kwenye kioo. Mtu achague kwanza kundi, moto, uokoaji, kemikali, huduma, king'ora cha bure, ndo yafunguke ya ndani. Na usipange kwa alfabeti, weka juu yale yanayotokea mara nyingi. Tena usiweke jibu lililochaguliwa tayari, hata kwa nia njema, kwa sababu aliyechoka ataliacha hivohivo na baada ya mwaka utaamini kwamba kila moto unatokana na hitilafu ya umeme. Hii ya "hitilafu ya umeme" naomba uiangalie kwa jicho kali, inakuwa ndo kapu la kila kitu kisichojulikana. Tenganisha majibu matatu: chanzo kimethibitika, kinachunguzwa bado, kimechunguzwa kikashindikana kubainika. La pili lisiruhusiwe kukaa milele, mfumo umkumbushe mtu baada ya siku 30 arudi alifunge.

"Mengineyo" ibaki, huwezi kuikwepa, ila anayeichagua alazimike kuandika sentensi moja, alafu wewe kila mwezi zisome zote. Ukiona kitu kilekile kimeandikwa mara nyingi, ndo kinadai sehemu yake kwenye orodha.

Na sehemu ya maelezo usiifute hata siku moja. Visanduku vinajibu ulichojua kuuliza, maelezo yanakuletea usichokijua. Wafundishe tu kuandika walichokiona kwa mpangilio, sio hukumu. "Tulifika" haitoshi. Hivi inatosha: "Tulikuta moshi mweusi unatoka dirisha la jikoni upande wa nyuma, mlango wa mbele umefungwa kwa ndani, mama mwenye nyumba yuko nje akasema aliacha mafuta jikoni akaenda kupokea simu, moto umepanda kwenye makabati juu ya jiko, haujafika sebuleni kwa sababu mlango wa jikoni ulikuwa umefungwa." Hiyo moja inafundisha mambo mawili, mafuta yaliyoachwa na mlango uliookoa nyumba. Kama vidole havifanyi kazi baada ya kushika mpira wa maji usiku kucha, wape ruhusa warekodi sauti kwenye simu, iandikwe asubuhi na yuleyule aliyeongea.

Mahali

Anuani peke yake haitoshi, na kwenye maeneo yasiyo na majina ya mitaa haipo kabisa. Hifadhi latitudo na longitudo, desimali tano zinatosha, hapo unakaribia mita moja. Weka mfumo ukatae namba zilizo nje ya eneo lenu, maana watu wanazigeuza mbele nyuma, unakuta nyumba imeungua katikati ya bahari. Angalia pia GPS ya gari inaonyesha gari liliposimama, labda mita mia kutoka kwenye nyumba, kwa hiyo mkuu wa zamu aisogeze alama kwenye ramani mpaka juu ya jengo kabla hajafunga ripoti. Hilo ni sekunde kumi tu ila baadae utashukuru.

Programu, sasa ndo wakati wake

Ukishajua maswali yako na maana za maneno yako ndo uende kutafuta mfumo. Kikosi kidogo kinaweza kuanza na fomu ya bure ya simu inayojaza hata bila intaneti na kutuma mtandao ukirudi, hakuna aibu. Mnaonunua, mambo ya kuyaandika kwenye mkataba ni haya. Data ni ya kikosi, na mnaweza kuitoa yote muda wowote kwenye faili la kawaida kama CSV, bila malipo ya ziada na bila kuomba. Mfumo uwe na API, yaani mlango ambao programu nyingine inaweza kupitisha data bila mtu kuandika upya, kwa sababu bila huo ule muda wa chumba cha simu hautaingia wenyewe na umerudi kulekule kwenye kunakili. Ufanye kazi bila mtandao. Na usifute: mtu akirekebisha ripoti, ya zamani ibaki na ionekane nani kabadili, lini, kwa nini, maana ripoti hizi zinakwenda mahakamani na kwa kampuni za bima.

Namba ya tukio itolewe mahali pamoja, chumba cha simu, sio kila kituo kujitungia. Moto mmoja mkubwa ukihudumiwa na vituo vitatu bila namba ya pamoja utahesabiwa mioto mitatu.

Majina ya majeruhi na habari za afya zao zikae sehemu yake, zifunguliwe na wachache wanaohusika. Anayechora ramani ya matukio hahitaji kujua nani aliungua wapi mwilini, na familia ile haikupiga simu ili habari zake zisambae.

Kuhama kutoka kwenye ya zamani

Usihamishe vituo vyote siku moja. Chukua kimoja, chenye mkuu anayelipenda jambo hili, endesheni njia zote mbili kwa mwezi mmoja alafu linganisha tukio kwa tukio. Usivute zaidi ya hapo maana kujaza mara mbili kunaua moyo. Rekodi za zamani usizilazimishe kufanana na mpya, ingiza na namba yake ya zamani kwenye safu yake, na pembeni uweke tafsiri yake mpya pale unapokuwa na uhakika, pasipo uhakika acha wazi. Na ujiandae, mwaka wa kwanza namba zitaruka. Muda wa kufika utaonekana umepanda au umeshuka ghafla na sio kwa sababu kikosi kimebadilika, ni kipimo kimebadilika. Waambie wakuu kabla, kwa maandishi, wasije wakamlaumu mtu.

Mtu mmoja kila kituo azisome ripoti ndani ya siku mbili, wakati aliyeandika bado anakumbuka. Sio kumkemea, anamuuliza tu, hapa umeandika hakuna kitambua moshi, ulikikosa au hukuangalia? Hizo ni habari mbili tofauti.

Warudishie

Hii ndo inayoachwa na wengi na kwa maoni yangu ndo inayoamua kama mfumo utaishi. Vijana wanajaza miaka na miaka, data inapanda juu, hairudi. Nani ataendelea kujali? Kila mwezi bandika ukutani ukurasa mmoja wa kituo chao wenyewe: mmeitwa mara ngapi, tisa kati ya kumi mlifika ndani ya dakika ngapi, ramani yenye vidoti.

Kituo kimoja tuliwabandikia ramani ya ving'ora vya bure, wakaona vidoti vimerundikana kwenye jengo moja. Kila mmoja alikuwa anajua kwamba "pale tunaendaga endaga" ila hakuna aliyejua ni kiasi gani, kwa sababu kila zamu inaona safari zake tu. Wakaenda mchana, bila king'ora, wakakuta kitambua moshi kimefungwa karibu kabisa na mlango wa bafu, mvuke wa maji ya moto ukitoka tu kinalia. Kikahamishwa mita chache. Safari zile zikaisha, na magari yakabaki kituoni kwa ajili ya wanaoungua kweli.

Baada ya hapo ripoti zao zilibadilika bila mtu kuwaambia, maelezo yakawa marefu, "mengineyo" ikapungua. Alafu wiki chache mbele mkuu wa zamu akaja na ombi, anataka swali liongezwe kwenye fomu, baada ya kazi yote ile ya kupunguza: bomba la zimamoto la karibu, lilikuwa na maji? Walikuwa wamefungua bomba mara mbili likatoka hewa, na hakukuwa na mahali pa kuliandika likaonekana. Tukaliweka, ndiyo au hapana, na alama ya bomba lenyewe kwenye ramani.